Ukuta Unaokunywa Maji

Chumba ninacholala kiko sakafu ya chini, South B, Nairobi, na ukutani mna mstari. Unaanzia nyuma ya kabati, unapita chini ya dirisha na kuishia karibu na mlango, kimo cha kiuno changu mwanzo hadi mwisho. Chini ya mstari huo rangi imevimba na kubambuka, na ukipitisha kidole unapata unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Juu yake ukuta ni mzima kabisa. Katika miaka minne niliyokaa hapa, ukuta umepakwa rangi mara tatu. Mara ya mwisho fundi alitanguliza plasta ya simiti iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Mstari ukapotea kwa miezi kadhaa, na uliporudi ulikuwa umepanda shubiri nzima.

"Dada, hapa kuna paipu inavuja," fundi aliniambia, kisha akapasua sakafu ya bafu kuitafuta. Hakuipata. Hakuna paipu inayopita karibu na ukuta ule.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na walisema kweli kuhusu mto, mfereji na mtaro wa barabarani. Ila maji yaliyobanwa ndani ya jiwe, simiti au udongo yana tabia nyingine. Hupanda badala ya kushuka, hukusanyika mahali ambapo hakuna aliyeyamwaga, na hugoma kutoka hata jua likiwaka. Nairobi tumejenga kwa vitu vyenye vitundu juu ya ardhi yenye vitundu, halafu tunapambana na unyevu kana kwamba yote ni maji ya paipu. Naliona hilo kuwa kosa kubwa, kwa sababu ada ya ujinga huo hailipwi na aliyejenga. Hulipwa na mpangaji wa sakafu ya chini, kwa pesa na kwa kifua chake.

Chukua jiwe lenyewe. Nyumba nyingi za hapa zimeinuliwa kwa mawe ya kuchonga kutoka machimbo ya Ndarugo, Njiru na kwingineko kandokando ya jiji. Ni majivu ya volkano yaliyoshikamana kwa muda mrefu kupita fikira zetu. Jiwe hilo hukatika vizuri kwa msumeno wa mashine na ni jepesi kubeba, na sababu ya sifa zote mbili ni kwamba limejaa vitundu. Simamisha kipande kikavu kwenye sahani yenye maji kidogo, kisha ukae unywe chai. Ukirudi utakuta kimelowa juu ya kimo cha maji ya sahani, jinsi mafuta ya taa yanavyopanda utambi.

Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, lakini hushika uso wa jiwe kwa nguvu zaidi. Katika kitundu chembamba maji hutambaa ukingoni, yale ya ukingoni huvuta ya katikati, na safari huendelea mpaka uzito wa maji yaliyoinuliwa ulingane na nguvu inayoyavuta. Mwaka 1718 daktari Mwingereza James Jurin alieleza kanuni inayoitwa kwa jina lake hadi leo: upana wa tundu ukipungua nusu, kimo cha maji huongezeka maradufu. Katika mrija wa kioo wenye upana wa milimita 2, maji hupanda kama sentimita moja na nusu. Upana ukiwa milimita 0.2, hupanda sentimita 15. Ukiwa milimita 0.02, mita moja na nusu. Endelea hadi milimita 0.002 na hesabu itakupa mita 15, yaani dirisha la ghorofa ya tano.

Mbona basi mstari wangu umesimama kiunoni? Kwa sababu ukuta hupumua. Maji yanapopanda toka ardhini, mengine yanatoka kwenye uso wa ukuta yakiwa mvuke. Pale kinachoingia na kinachotoka vinapolingana, ndipo mstari unapochorwa, na kwa kawaida huwa chini ya mita moja na nusu. Sasa anakuja fundi na plasta isiyopitisha maji. Mlango wa kutokea ameufunga, wa kuingilia ameuacha wazi. Maji hayana la kufanya ila kuendelea kupanda hadi yapate pa kupumulia, na shubiri niliyoongezewa ndiyo maana yake.

Ule unga wa chumvi nao una kisa chake. Maji ya ardhini hubeba chumvi zilizoyeyuka. Yanapogeuka mvuke, chumvi haina mabawa, inabaki. Ikibaki juu ya uso wa ukuta inafutika kwa brashi. Ikibaki ndani ya vitundu, nyuma ya rangi, inakua kuwa fuwele, na fuwele inayokua mahali pembamba husukuma kuta za tundu lake mpaka jiwe linameguka. Kwa hiyo rangi ya mafuta, ile inayong'aa ambayo wenye nyumba wengi huipenda kwa kuwa inapanguswa kirahisi, ndiyo mbaya zaidi kwa ukuta wa namna hii. Inaisogeza chumvi ndani.

Kinga ya haya yote inajulikana na ni rahisi: ile karatasi nyeusi ya lami inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kupanga jiwe la kwanza la ukuta, mafundi huiita DPC. Haina vitundu, kwa hiyo maji hayana ngazi ya kupandia. Katika gharama ya nyumba nzima ni kitu kidogo sana. Lakini ikishafunikwa haionekani tena, na mimi nashawishika kwamba vitu visivyoonekana ndivyo vinavyoibwa kwanza katika mijengo yetu.

Mwenye nyumba ana maelezo yake. "Mnaanika nguo ndani, mnapika dirisha limefungwa, halafu mnalalamika ukuta una maji," alinijibu nilipompigia simu. Yako mambo ya kweli katika maneno yake, na sitaki kuyaruka kwa vile tu yananiuma.

Mwaka 1871 William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alionyesha kwamba mvuke unahitaji unyevuanga mdogo zaidi ili ugeuke maji mahali pembamba kuliko mahali peupe. Kwenye kioo cha dirisha, lazima hewa iliyokigusa ijae mvuke kabisa, asilimia 100, ndipo matone yaonekane. Katika kitundu chenye upana wa nanomita 20 hivi, unyevuanga wa asilimia 90 unatosha. Kikiwa na upana wa nanomita 3, asilimia 50 tu inatosha, na hiyo ni hewa ya mchana wa kawaida hapa Nairobi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Simiti iliyokauka imejaa vitundu vya ukubwa huo. Maana yake ni kwamba ndani ya ukuta mna maji hata siku ambayo mkono wako unaapa kuwa ni mkavu, na usiku wa Julai, sufuria ya githeri ikichemka kwenye chumba kimoja kilichofungwa, vitundu vipana zaidi navyo vinaanza kujaa.

Kanuni hiyo ya 1871 ilitungwa kwa maji ya kawaida, na kwa karne moja na nusu wengi walidhani itavunjika katika vitundu vyembamba kabisa, ambamo huwezi hata kusema maji yana uso. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walitengeneza nyufa zinazotosha tabaka moja tu la molekuli za maji, wakapima. Kanuni ilisimama. Miaka miwili kabla ya hapo, katika chuo hichohicho, walikuwa wamepata jambo la kushangaza zaidi. Maji ya kikombeni huipooza nguvu ya umeme kwa kiasi cha mara 80, kwa sababu molekuli zake huzunguka kwa uhuru na kuukabili umeme unapotoka. Maji yaliyobanwa katika upana wa nanomita moja hivi huipooza mara 2 tu. Molekuli zake zimeshikwa na ukuta, hazigeuki. Ni maji yaleyale, H na O zilezile, lakini yamepoteza mojawapo ya tabia zinazoyafanya maji yawe maji. Niliposoma hayo niliuangalia ukuta wangu kwa macho mengine.

Mvuto huohuo wa vitundu kwa mvuke una upande wake mwema. Vile vipakiti vya chembe unavyovikuta ndani ya sanduku la viatu vipya hufanya kazi hii hasa: kila chembe ina vitundu vya nanomita chache, na mvuke unaingia humo kabla haujafika kwenye ngozi ya kiatu. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kuunda maada zenye vitundu vilivyopangwa kama vyumba vya ploti, na moja ya kazi zake ni kunasa mvuke wa hewa ya jangwani usiku na kuutoa kama maji ya kunywa jua likichomoza. Yaghi alikulia Amman katika nyumba isiyokuwa na maji ya mfereji. Anayeishi mtaa wa mgao wa maji, anayejaza mitungi Jumanne kwa ajili ya juma zima, hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto kama huyo alikua akiliwazia jambo hili.

Lakini nirudi kwa mwenye nyumba. Ni kweli mvuke wa sufuria unaingia ukutani. Hata hivyo mpangaji wa chumba kimoja atapikia wapi? Nguo za mtoto ataanika wapi mwezi wa Julai, wakati kamba za paani zimejaa na jua halijaonekana siku tatu? Nyumba za zamani za mitaa kama hii zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, yasiyofungika, na mvuke ulitoka wenyewe usiku kucha. Katika fleti nyingi mpya matundu hayo hayapo. Aliyeyaondoa ndiye aliyeufungia mvuke ndani. Mimi nitafungua dirisha, lakini sikubali kubebeshwa lawama ya mchoro ambao sikuuchora.

Hapa ndipo simiti inapoingia, na naomba subira ya msomaji kwa sababu hesabu yake inafaa kujulikana na kila anayejenga. Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji kama lita 11 na nusu za maji ili kuungana nayo kikemia. Maji hayo hayatoki tena, yamekuwa jiwe. Lita nyingine 9 na nusu hivi hukaa katika vitundu vidogo sana vinavyozaliwa pamoja na jiwe hilo, vyenye upana wa nanomita chache, na bila maji hayo kazi haikamiliki. Jumla ni lita 21, mtungi mmoja wa lita 20 na jagi juu yake. Kila lita inayozidi hapo haina kazi ya kikemia. Inakaa katikati ya mchanganyiko ikishika nafasi, kisha inakauka na kuacha nafasi hiyo wazi: vitundu vikubwa vilivyounganika, njia za kupitishia maji ya mvua, hewa ukaa na chumvi hadi kwenye vyuma.

Fundi hulazimika kuzidisha kidogo, kwa kuwa simiti kavu mno haikorogeki wala haiingii kati ya vyuma, na mashimo ya namna hiyo ni hatari pia. Lakini nilisimama mtaa wa Utawala, mashariki mwa jiji, shangazi yangu alipokuwa akimwagiwa slebu, lile bamba la zege la nyumba, nikahesabu mitungi miwili kwa mfuko mmoja, bila kuhesabu maji yaliyokuwa tayari kwenye mchanga ulionyeshewa usiku. Watu wa mkono walitaka mchanganyiko uteleze, kwa sababu karai jepesi kumwaga hupunguza uchungu wa mgongo. Siwalaumu, walilipwa kwa siku na hakuna aliyewaeleza. Namlaumu msimamizi aliyekuwepo akitazama.

Kesho yake ikawa kinyume. Simiti iliyomwagwa jana ndiyo inayotamani maji, inywe kutoka nje angalau siku saba, kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa kumwagiliwa asubuhi na jioni. Slebu ya shangazi iliachwa juani, kwa maelezo kwamba maji ya lori ni ghali. Maji yanapotoka mapema katika vitundu vyembamba, uso wa yale yanayobaki hubonyea ndani, na ubonyeo huo huvuta kuta za kitundu kwa nguvu ya kutisha: kwa kitundu cha upana wa nanomita 20, hesabu inakaribia mara 140 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Mabilioni ya vitundu yakivuta pamoja, slebu inasinyaa na kupasuka. Nyufa zilionekana wiki ya pili. Fundi alizijaza simiti iliyokorogwa majimaji.

Shangazi ana shida nyingine iliyo chini zaidi. Mlango wake wa mbele hufunga vizuri Januari, na Aprili haufungi. Seremala ameuranda mara mbili, akidhani mbao zimevimba. Kilichovimba ni ardhi. Utawala, Embakasi, Ruai, hadi kuvuka mpaka wa jiji kuelekea Syokimau, pote pamelazwa udongo mweusi unaonata kwenye kiatu na kuongeza kisigino kila hatua. Madini yake ni montimorilonaiti, vijikaratasi vyenye unene wa nanomita moja vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya kurasa, tabaka moja la molekuli, la pili, la tatu, na kila tabaka linatanua kitabu. Ukifungua kurasa zote za gramu kumi tu, kijiko kikubwa kimoja, eneo lake linakaribia uwanja mzima wa kandanda. Ndiyo maana udongo huo unainua nyumba ya sakafu moja bila taabu, kisha kiangazi unasinyaa na kuiachia, kona moja kabla ya nyingine.

Udongo mwekundu wa Karen, Westlands na Runda ni mtoto wa volkano vilevile, lakini ulizaliwa miinuko yenye mvua nyingi na maji yanayopita. Kurasa zake zimeshikana, haziyaachii maji nafasi ya kuingia kati. Hivyo mvua moja ya masika inaponyesha juu ya jiji zima, magharibi inateremka chini, na mashariki inainua misingi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, ilipiga kambi kwenye uwanda wa kinamasi ambao Wamaasai walishauita mahali pa maji baridi. Walioweza kuchagua baadaye walipanda kwenye udongo mwekundu. Walionunua robo ekari kwa akiba ya chama walipata mweusi, na wengi hawakuelezwa kwamba ni lazima uchimbwe na kutolewa mpaka ufike kwenye mwamba au tabaka gumu, kisha pajazwe mawe na murramu, ule udongo wa changarawe. Gharama hiyo ingefaa kutajwa siku ya kuuza ploti.

Katika kipande kilichobaki shangazi alipanda mahindi, na kila Februari ananiita nione ajabu: udongo bado una ubaridi wa maji ukiuchimba, lakini majani yamejikunja. Mizizi ya mimea mingi ya shambani huweza kuvuta kwa nguvu ya kama mara 15 ya shinikizo la hewa. Maji yaliyo kwenye vitundu vyembamba kuliko sehemu moja ya elfu tano ya milimita yameshikwa kwa nguvu zaidi ya hapo. Yapo, na mmea unakufa kwa kiu juu yake.

Nilirudi kwangu na kufanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya kwa karatasi ya foili ya jikoni. Nilikata vipande vitatu, nikavibandika ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, hewa isipite: kimoja chini ya mstari, kimoja juu yake, cha tatu nyuma ya jiko. Nikaviacha siku mbili. Cha jikoni kililowa upande wa chumbani, kwa hiyo ni mvuke wangu, na hapo mwenye nyumba alikuwa na haki. Cha juu ya mstari kilikuwa kikavu pande zote. Cha chini kilikuwa kikavu kwa nje, na nilipokibandua nyuma yake palikuwa na matone.

Nikatoka nje kuangalia upande wa pili wa ukuta. Kuta nyingine tatu za jengo zina ukingo mweusi unaochungulia chini ya jiwe la kwanza, kwa hiyo karatasi ya lami iliwekwa. Upande wa chumba changu ukingo huo hauonekani. Kabro za maegesho, yale matofali ya zege ya kutandika chini, zilitandazwa baadaye, juu ya mchanga na murramu, zikapita kimo chake kwa karibu mawe mawili. Ardhi iliinuliwa juu ya kizuizi, na ukuta umekuwa ukinywa kwa ubavuni.

Nilimpelekea mwenye nyumba picha, nikamwomba vitu vitatu: kabro zing'olewe kwa upana wa futi moja kando ya ukuta na pahala pake pajazwe kokoto, plasta ya simiti ibanduliwe hadi juu ya mstari, na atakapopiga plasta mpya atumie chokaa, ambayo hupitisha mvuke. Alisita, kisha alikubali kuhusu kabro. Zimeng'olewa wiki iliyopita. Ukuta mnene kama huu hukauka kwa mwendo wa takriban sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na wangu una inchi tisa, kwa hiyo nimechora alama ya penseli kwenye mstari, nikaandika tarehe, na nimemsihi asilete rangi kabla ya masika ya mwakani kupita.